Uniti Moja Kutoka Mteremko wa Sekenke

Abiria wa basi la Mwanza huijua Sekenke kwa pua kabla ya macho. Basi likishaiacha Misigiri, barabara inafika ukingoni mwa nyanda za juu za Iramba, dereva anaweka gia nzito, bonde la Wembere linafunguka chini upande wa magharibi, na kupitia dirishani inaingia harufu ya breki zilizoungua. Ni harufu ya malori yaliyotangulia. Nimeipitia njia hiyo tangu utotoni, na miaka mingi niliichukulia harufu ile kuwa dalili ya hatari tu. Siku hizi nainusa na kujiuliza ni umeme kiasi gani umepotea pale.

Swali hilo ndilo lililonifanya nilete Sekenke gari ambalo halikutengenezwa kwa ajili ya Sekenke. Volvo EX30 ilizinduliwa Juni 2023. Ni gari dogo la umeme la kifahari, urefu wake mita 4.23, limeinuka kidogo kuliko saluni, nalo limekusudiwa mtu anayeishi pembeni ya jiji na kufanya kazi katikati yake. Kwetu, fikiria mtu wa Mbezi au Kibaha anayeshuka Posta kila asubuhi. Kampuni ya Volvo inamilikiwa na Geely ya China, na magari ya kwanza ya aina hii yaliundwa hukohuko China. Mengi yanayoandikwa kulihusu ni kasi: toleo lenye mota mbili lina kilowati 315 na hufika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 3.6. Mimi nataka tulipandishe mlima kwa kalamu, kwa sababu mlima hukwambia mambo ambayo sekunde 3.6 haziwezi kukwambia.

Tuchukulie gari lenye mota moja, ambalo pamoja na watu wawili na mizigo yao lina tani 2. Tuchukulie mteremko wa kilomita 5 unaoshuka mita 300, yaani mita 6 kwa kila mita 100, na mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Nishati iliyolala katika tani 2 zilizoinuliwa mita 300 ni kilowati-saa 1.6. Kilowati-saa moja ndiyo uniti moja ya Luku, kwa hiyo tunazungumzia umeme wa shilingi 600 hivi kwa mteja wa kawaida wa nyumbani, anayepata uniti 2.8 kwa shilingi 1,000.

Gari la petroli likishuka, nishati hiyo yote inageuka joto: sehemu kwenye injini, sehemu kwenye breki, sehemu kwenye matairi na upepo. Halirudi hata tone kwenye tangi. Gari la umeme lina njia nyingine. Ukiinua mguu, mota ileile iliyokuwa ikisukuma magurudumu inaanza kuzungushwa nayo. Inageuka jenereta, na jenereta inayotoa umeme huwa nzito kuzungusha. Uzito huo ndio unaolishika gari. Matairi na upepo vitachukua haki yao, kiasi kingine kitapotea ndani ya nyaya na mota, na betrini itarudi uniti 1 hivi kati ya zile 1.6. Pedali ya breki hujaigusa.

Sasa geuka urudi Misigiri. Kupanda kunadai uniti 2.4 hivi. Kwenda na kurudi umetumia uniti 1.4. Kilomita 10 hizo zingekuwa tambarare, ungetumia kama uniti 1.05. Mlima mzima wa Sekenke umekutoza theluthi ya uniti, shilingi 125 hivi.

Hesabu hiyohiyo inatoa siri nyingine, na hii ningependa kila mnunuzi aijue kabla hajatia saini. Kupanda Sekenke kwa mwendo huo kunahitaji nguvu ya kilowati 25 kwenye magurudumu. Ukipanda kwa kilomita 80 kwa saa, ni kama 36. Gari la mota moja lilizinduliwa likiwa na kilowati 200. Hata mlima unaowatoa jasho madereva wa masafa marefu hautumii robo ya nguvu yake. Mota ya pili inauzwa kwa mtu ambaye kati ya Ubungo na Magomeni atakuwa nyuma ya daladala.

Kuna sharti moja. Betri iliyojaa kabisa haina pa kuupokea umeme unaorudi. Anayejaza hadi asilimia 100 juu ya mlima, kisha akaanza kushuka papo hapo, atakuta breki ya mota imelegea, na kazi inarudi kwenye breki za msuguano. Mwenye gari la umeme anayeijua Sekenke ataondoka juu akiwa na nafasi betrini.

Na betri ipi? Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo. EX30 inauzwa na betri za aina mbili. Moja ni ya chuma na fosfeti, uniti 49 zinazotumika. Nyingine ina nikeli, manganizi na kobalti, uniti 64. Ya pili hubeba umeme mwingi zaidi kwa kila kilo, na Ulaya hupendwa pia kwa sababu ile ya chuma huzubaa kwenye baridi kali, hasa wakati wa kuchaji. Lakini baridi hiyo sisi hatuna. Asubuhi ya Singida mwezi wa saba inataka sweta, haigandishi betri. Adui wetu ni joto, na betri ya chuma na fosfeti hustahimili joto kubwa zaidi kabla ya kuvurugika, hudumu mizunguko mingi zaidi ya kuchaji, na haidhuriki kirahisi kwa kujazwa mara kwa mara. Haina kobalti, madini ambayo sehemu kubwa yake duniani hutoka Kongo, kiasi chake kwa mikono ya watu wanaolipwa kidogo mno. Ile inayoitwa betri ndogo, ya bei nafuu, ndiyo inayotufaa zaidi.

Itafika wapi? Kwenye barabara kuu, kwa mwendo wa kilomita 90 hivi, gari la namna hii litataka kama uniti 19 kwa kilomita 100. Uniti 49 ni kilomita 250 na ushei. Singida hadi Shelui ni kilomita 110, Shelui hadi Nzega 108. Utafika Nzega ukiwa na akiba ndogo, na utahitaji mahali pa kulala palipo na soketi nzuri. Dar es Salaam hadi Dodoma, kilomita 450 hivi, hufiki kwa chaji moja.

Mjini ni habari nyingine kabisa. Foleni inayomaliza petroli haiidhuru mota, kwa kuwa gari lililosimama hutumia umeme wa kiyoyozi na taa tu, na kila unapopunguza mwendo, kitu kinarudi. Soketi ya kawaida ya nyumbani ikitoa kilowati 2.3 kwa saa 10 za usiku, asubuhi unaamka na zaidi ya kilomita 100. Mtu wa Kibaha hahitaji zaidi. Ahakikishe tu fundi ameikagua waya ya ukutani, maana soketi inayochemka usiku kucha huunguza nyumba. Tumbo la gari liko sentimita 17 hivi juu ya ardhi. Matuta litayavuka, mashimo ya mvua za masika lisijaribiwe nayo.

Lawama yangu kubwa ni skrini. Nyuma ya usukani hakuna saa ya mwendo. Mwendo, marekebisho ya vioo vya pembeni, karibu kila kitu kiko kwenye skrini moja ya katikati. Anayeshuka kona za Sekenke na lori nyuma yake anatakiwa kuangalia mbele, si kugeuza macho pembeni ajue anakimbia kiasi gani.

Kuhusu bei niseme waziwazi. Uingereza lilianza kuuzwa kwa zaidi ya pauni 33,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 100 kabla ya meli na ushuru. Kwa petroli ya shilingi 2,800 kwa lita, gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita hula shilingi 23,300 kwa kilomita 100. Hili, kwa matumizi ya mjini na ukihesabu na umeme unaopotea wakati wa kuchaji, halifiki 7,000. Kwa kilomita 15,000 za mwaka unaokoa kama shilingi milioni 2.5. Ni fedha nzuri, lakini hailipi ufahari. Teknolojia ileile ya betri na mota inapatikana katika magari ya bei ya chini zaidi, na hayo ndiyo ningemshauri mwalimu au nesi ayasubiri.

Ila Sekenke yenyewe inanivuta kwa malori. Mizigo ya bandari ya Dar es Salaam iendayo Mwanza, Rwanda na Burundi hupita hapa ikishuka. Malori mengi hurudi yakipanda matupu. Lori la tani 50 likishuka mita 300 linaachia takriban uniti 41, joto la kutosha kuchemsha mapipa mawili ya maji. Likirudi tupu na tani 18, kujiinua tu kunataka kama uniti 15. Uswisi kuna lori la machimbo lililobadilishwa kuwa la umeme, linaloshuka limejaa na kupanda tupu, na kwa njia hiyo hujichaji lenyewe. Milima miwili haijui kama iko nchi tofauti. Enzi za Wajerumani dhahabu iliyochimbwa hapa Sekenke ilipelekwa Tabora, ikafuliwa sarafu za rupia 15 mwaka 1916. Uniti hizi 41 bado hazijachimbwa, na kila lori linalopita linaziacha hewani, zikinuka.