Jicho jekundu, mashavu yaliyovimba, mdomo uliokwenda upande

Mtu anaamka jicho jekundu, mwanga unamchoma, anaona kama kuna ukungu. Anakwenda kliniki ya macho. Wiki chache baadaye mashavu yanavimba mbele ya masikio, na majirani wanasema ni matubwitubwi. Kisha asubuhi moja chai inamchuruzika pembeni mwa mdomo: upande mmoja wa uso umelegea. Sasa wanasema kiharusi, au kapigwa na upepo mbaya. Kila dalili imepewa mganga wake, na ile homa ndogo ya muda wote hakuna aliyeiuliza.

Mwaka 1909 daktari wa macho wa Denmark, Christian Heerfordt, aliziweka dalili hizi pamoja. Kwa miaka mingi zilidhaniwa kutokana na matubwitubwi, mpaka mwaka 1937 Msweden Jan Waldenström alipoonyesha kuwa ni sura mojawapo ya sarkoidosi. Katika ugonjwa huo seli za kinga hujikusanya na kufanya vinundu vidogo, mara nyingi kwenye mapafu na matezi. Chanzo chake hakijajulikana. Wanaopata dalili zote tatu ni wachache mno.

Jicho ndilo linaloonyesha mambo waziwazi. Daktari akipitisha mwanga mwembamba kwenye maji yaliyo mbele ya mboni, huona seli nyeupe zikielea, kama vumbi kwenye mwali wa jua unaopenya bati lililotoboka. Zikiachwa, ukingo wa mboni hushikamana na lenzi iliyo nyuma yake, na presha ya jicho huweza kupanda.

Matubwitubwi hunywea baada ya wiki moja au mbili; uvimbe huu hukaa wiki nyingi, hata miezi, na mara nyingi hauumi sana. Kuhusu kiharusi, mwambie mgonjwa ainue nyusi. Kwa kawaida mwenye kiharusi bado hukunja paji lote la uso. Huyu nusu ya paji hubaki laini, maana kilichoguswa ni mshipa wa fahamu wenyewe, ule unaopita katikati ya tezi ya mate iliyovimba shavuni.

Kwetu mtego mkubwa ni kifua kikuu, ambacho nacho hufanya vinundu na kuvimbisha matezi. Virusi vya UKIMWI pia huvimbisha tezi za mate. Kwa hiyo hupigwa picha ya kifua, hupimwa damu, na hukatwa kinyama kidogo kikaangaliwe kwa hadubini: vinundu vya kifua kikuu kwa kawaida huoza katikati, vya sarkoidosi haviozi. Binafsi sipendi haraka hapa. Tiba ni steroidi, matone kwa jicho na vidonge kwa mwili, na steroidi hupunguza kinga. Ukimpa mwenye kifua kikuu bila dawa zake, umekifungulia mlango.

Uso mara nyingi hurudi wenyewe, polepole. Wakati huo jicho lisilofumba hutiwa mafuta yake maalumu usiku na kope hufungwa kwa plasta, lisikauke mwenyewe akiwa amelala.