Nanga na Ngoma katika Maisha ya Wahaya

Mtu wa pwani asikiapo kwamba mzee wa Kiziba amepiga nanga usiku kucha, hushangaa, maana kwake nanga ni chuma cha kuzuia chombo kisichukuliwe na maji. Lakini katika Kihaya enanga ni chombo cha nyuzi, na mpigaji wake huitwa omuteezi w'enanga. Waganda nao wana neno hilo, ennanga, ila chao ni kinubi kilichopindika kama upinde. Cha Wahaya ni ubao uliochongwa ukawa mfano wa hori dogo. Uzi wake ni mmoja, mrefu, nao hupitishwa huku na huku katika meno ya ncha mbili za ubao, ukirudi na kurudi hata zikapatikana nyuzi saba au nane. Zamani uzi ulikuwa kano ya ng'ombe. Siku hizi wengi hutumia nailoni, nasi hatuwalaumu, kwa maana kano hunywa unyevu ikalegea, na mvua ya Bukoba wakati wa masika kila mtu aijua.

Sauti ya nanga ni ndogo. Haifai uwanjani wala haishindani na mvumo wa watu wengi. Mahali pake ni nyumbani jioni, watu wachache wakiisha kuketi karibu na kibuyu cha rubisi. Mpigaji huanza kwa mkono tu, akirudia-rudia mafungu machache ya sauti, wala hasemi neno. Mazungumzo hupungua yenyewe. Ndipo aingizapo maneno, na wasikilizaji humwitikia, hata mwisho hujui ni nani aimbaye na ni nani asikilizaye. Habari aimbazo ni za mashujaa kama Rukiza na Kachwenyanja, au za Mugasha, ambaye watu wa kale walimhesabu kuwa bwana wa ziwa na dhoruba zake. Nyingi si habari za furaha. Wamo waliokufa, na waliofitiniwa mbele ya Mukama, na waliopotewa na wapenzi wao. Hata hivyo watu huondoka wakiwa wepesi kuliko walivyokuja.

Jambo hili latufaa kulifikiri sisi tufundishao. Wengi wetu hudhani ya kuwa mwenye huzuni apaswa kupewa wimbo wa kuchangamsha, kama mtu mwenye baridi apewavyo moto. Wapigaji wa nanga hawafanyi hivyo. Humkuta mtu pale alipo, wakaimba machungu ya mtu mwingine, wa kale, naye akalia kwa ajili ya huyo asione haya. Hata Daudi, alipopiga kinubi mbele ya Sauli, hatusomi kwamba alipiga ngoma ya harusi. Basi twaona vibaya, nasi twasema wazi, vipaza sauti vinapoletwa msibani na kupigwa nyimbo za kuchezesha miguu kabla kaburi halijakauka. Kwaya ikiimba polepole pamoja na wafiwa yafanya kazi ileile ya nanga, ijapokuwa mahadhi yake yametoka mbali.

Ngoma ni habari nyingine. Katika Kihaya, kama katika lugha za jirani, engoma ni ngoma na pia ni ufalme; atawazwaye husemwa "amekula ngoma". Katika himaya za kale, Kiziba, Kyamtwara, Kianja, Ihangiro na nyinginezo, ngoma za Mukama ziliwapa watu wote moyo mmoja kwa saa ileile. Mbele ya Mukama mwanamume alisimama na mkuki wake akajisifu kwa ebyebugo, maneno ya ushujaa yatamkwayo kwa haraka na kwa kishindo. Aliyekuwa mnyonge shambani kwake alikuwa mtu mwingine kabisa kwa muda huo. Serikali ilipofuta utawala wa machifu mwaka 1963, ngoma hizo zilipoteza kazi yake, wala hakuna wimbo wa shule uliochukua mahali pake.

Wala tusiseme kwamba yote yamekwisha. Mwaka 2001 Saida Karoli, mwenyeji wa Kagera, alitoa wimbo wake "Maria Salome" kwa Kihaya na ngoma za kwao, ukachezwa Tanzania nzima na watu wasiojua hata neno moja la lugha hiyo. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliuchukua wakautengeneza upya. Furaha, yaonekana, huvuka lugha kwa urahisi. Huzuni ya nanga haivuki hivyo, kwa kuwa imo ndani ya maneno, na mtoto wa Muleba asiyesikia Kihaya chema hubaki na mlio wa nyuzi peke yake. Hapo ndipo penye hofu yetu.

Kuna waliokwisha kufanya kazi ya kuhifadhi. Hugh Tracey alinasa sauti za nanga za Wahaya mwaka 1950, na Profesa M. M. Mulokozi, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika makala mwaka 1983 akiuliza kama waimbaji hao wastahili kuhesabiwa miongoni mwa watunzi wa tendi. Lakini chuo hakiwezi kufika kila kitongoji cha Kamachumu au Kanyigo. Mwalimu yuko huko tayari, na simu yenye kunasa sauti anayo mfukoni. Akimpata mzee apigaye, asianze na hadithi. Amwombe kwanza agonge uzi mmoja mmoja, kutoka wa chini hata wa juu, kila mmoja peke yake, na kuutaja jina kama una jina. Kisha amwache aimbe bila kumkatiza, na waitikiaji wawepo, maana mzee akiimba mbele ya simu tu hufupisha.