Je, Wajua? Homoni za Kukoma Hedhi Hazina Hatari Sawa

Katika mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi, mama anayeamshwa usiku na joto la ghafla la kukoma hedhi, shuka zikiwa chapachapa kwa jasho, aghalabu huanzia duka la dawa la mtaani.

Mwaka 2002, utafiti wa Marekani kuhusu homoni za kukoma hedhi wenye wanawake 16,608 ulisitishwa: vidonge vya estrojeni na projestini (homoni inayofanana na projesteroni) pamoja vilileta wagonjwa 8 zaidi wa saratani ya matiti kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Hofu ikazikumba homoni zote, jambo lisilo la haki, kwa kuwa hatari zake si sawa.

Estrojeni peke yake ni ya aliyetolewa mji wa mimba. Aliye nao huongezewa projesteroni, la sivyo ukuta wa mji huo huweza kupata saratani. Estrojeni ya kibandiko cha ngozini haipitii ini kwanza, hivyo haigandishi damu kama ya kidonge.