Linux: jaribio likirukwa ndani ya mashine pepe, kosa linaweza kupita

Siku ya tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili 2023, watengenezaji wa Debian walisimamisha toleo 12.3 la mfumo wao. Keneli ya Linux iliyokuwa ndani yake, namba 6.1.64, ingeweza kuharibu data kwenye diski za ext4. Kesho yake walitoa toleo 12.4, likiwa na keneli iliyorekebishwa.

Keneli ndiyo inasimamia diski na memori. Hata simu za Android zinazotumiwa Goma, Bukavu ama Bunia zinaendeshwa na keneli ya Linux, ingawa si toleo hilo.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Programu ilipoandika moja kwa moja kwenye diski, bila kupitia memori, keneli haikusogeza alama inayoonyesha imefika wapi ndani ya faili. Maandishi yaliyofuata yangeweza kuangukia juu ya yale ya kwanza.

Majaribio ya kugundua kosa kama hilo yapo, lakini yanategemea mahali yanapofanyiwa. Wataalamu wengi hujaribu keneli ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya bandia inayoendeshwa ndani ya kompyuta ya kweli. Ikianguka, inawashwa tena, basi. Ili kwenda haraka, programu kama virtme-ng haihitaji diski mpya: inaazima faili za kompyuta mwenyeji.

Faili za kuazima zina tabia zake. Kwenye overlayfs, kwa mfano, faili iliyofunguliwa kwa kusoma tu inaweza kuendelea kuonyesha maandishi ya zamani hata baada ya kubadilishwa. Jaribio linaanguka, na mtu anapoteza siku nzima akitafuta ndani ya keneli kosa ambalo halimo.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Tmpfs, inayoweka faili ndani ya memori, ilikataa uandishi wa moja kwa moja hadi keneli 6.6. Jaribio likikuta hivyo, kwa kawaida linarukwa, na ripoti inabaki safi. Kosa la 6.1.64 lisingeonekana hapo hata kidogo.

Ndio maana xfstests, majaribio yaliyozaliwa katika kampuni SGI kwa ajili ya XFS, hutaka diski yake ya majaribio, pamoja na nyingine ya kufuta na kufomati upya. Si lazima kununua kitu: faili mbili za giga chache, zikifomatiwa kwa ext4 na kupewa mashine pepe, zinatosha. Kisha orodha ya majaribio yaliyorukwa isomwe pamoja na ile ya yaliyoanguka.