Asumini ya Jirani: Maua ni ya Nani, na Tutaipandaje Yetu?



Dada yetu wa Unguja aliyehamia Mbagala ametuuliza: tawi la asumini la jirani limevuka ukuta, binti zake huchuma maua yake kila jioni kufungia vikuba. Jirani amekasirika, na sasa hawasalimiani.

Maua ni ya mwenye mti, hata tawi likiwa juu ya uwanja wetu. Likitudhuru, tuna haki ya kumtaka aliondoe, lakini haki hiyo haitumilikishi maua. Kuchuma kunataka idhini. Yaliyoanguka, ikiwa ada ya mtaa ni kutoyajali, hapana ubaya kuyaokota. Ama kuhamana, haijuzu kupindukia siku 3. Dada atangulie kutoa salamu, aombe radhi, kisha aombe kipande cha tawi apande chake.

Wanaonunua miche barabarani wawe na hadhari, kwani si kila ua jeupe ni asumini. Asumini ina majani ya kijani mwaka mzima, mawili yakielekeana au matatu pamoja. Maua hufunguka jioni na hugeuka wekundu hafifu yakichakaa. Tukate jani: likitoka utomvu mweupe kama maziwa, hiyo si asumini. Oleanda, yenye majani marefu membamba, ni sumu. Isiwekwe penye watoto.

Kupanda ni wepesi. Wakati wa Masika tukate tawi lisilo na ua, urefu wa shubiri moja, tuondoe majani ya chini, tufukie pingili 2 katika mchanga uliochanganywa na samadi, kivulini. Tumwagilie bila kutuamisha maji. Likishachipua vizuri, tulihamishie penye jua. Baada ya kila msimu wa maua tupogoe, kwa sababu maua hutoka kwenye machipukizi mapya.

Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ametufundisha tusiikatae rihani tunapopewa (Muslim), na Maulamaa wameeleza kuwa rihani ni kila mmea wenye harufu nzuri. Basi jirani akitoa, tupokee. Na wetu ukichanua, kikuba cha kwanza tumpelekee yeye. Kina mama wajipambe navyo majumbani, wala wasitoke navyo mbele ya wanaume ajinabi.

Na Allah Anajua zaidi.