Kukariri Kiingereza

Jioni hapa Chemchem, Tabora, huwasikia vijana wakikariri orodha za maneno ya Kiingereza? Shule ya msingi ya serikali waliisoma kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza masomo karibu yote ni kwa Kiingereza, nao wana haraka. Bidii yao twaisifu. Lakini mwulize mmoja habari za mamaye: atamwita “he”, kwani “yeye” yetu haibagui mume na mke. Orodha haiponyi kosa hilo. Hapana budi kuzilinganisha lugha mbili, sentensi kwa sentensi. Mwalimu Nyerere, aliyefundisha Kiingereza St. Mary's, Tabora, tangu 1946, ndivyo alivyofanya alipoitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare, iliyotoka 1963. Nao wanaowacheka wakosaji, wengi wao hawathubutu kufungua kinywa.