Kijana Aliyekosa Chuo: Huzuni Yake na Kalenda ya Udahili

Matokeo ya kidato cha sita, ambayo kwa kawaida Baraza la Mitihani la Tanzania huyatangaza mwezi Julai, huambatana na msimu wa udahili, yaani utaratibu wa vyuo kupokea maombi, kupima sifa na kuchagua wanafunzi. Tangu mwaka 2017 mwombaji hupeleka maombi katika kila chuo anachokitaka badala ya kupitia mfumo wa pamoja wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwa hiyo kijana wa Masasi au Newala anaweza kukataliwa na vyuo vitatu kwa mpigo.

Wazazi wengi huchanganya sifa ya chini na ushindani. Sifa ya chini ya jumla kwa shahada ya kwanza ni ufaulu mkuu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A huhesabiwa pointi 5 na E pointi 1. Lakini programu kama udaktari zina masharti makali zaidi na waombaji wengi kuliko nafasi, hata mwenye sifa zote akakosa kwa kuwa wenzake wamemzidi. Kijana huyo hajafeli, na kumwita aliyefeli mbele ya ndugu na majirani ni kumdhulumu.

Huzuni yake isibezwe wala isiharakishwe. Hata hivyo, akikosa usingizi, akisusa chakula na kujitenga kwa zaidi ya wiki mbili, apelekwe kituo cha afya, na akitamka habari za kutaka kufa, apelekwe siku hiyo hiyo.

Ugumu ni kwamba huzuni huhitaji muda, ilhali dirisha la awamu ya pili ya maombi, kwa waliokosa chuo katika ya kwanza, hufunguliwa kwa muda mfupi tu. Hapo ndipo mtu mzima anapohitajika, atunze tarehe, vyeti na simu ambayo namba yake ilijazwa kwenye maombi, maana anayechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutumiwa namba ya siri ya kuthibitisha chuo kimojawapo, na laini iliyozimwa inaweza kumpotezea nafasi aliyokwisha kuipata. Ada za maombi nazo hazingoji korosho: minada ya zao hilo ya vyama vya ushirika vya MAMCU na TANECU huanza Oktoba, wakati maombi mengi yameshafungwa, hivyo fedha hiyo yafaa itengwe tangu mauzo ya msimu uliopita.

Stashahada si njia ya walioshindwa. Aliyesoma ualimu Kitangali au uuguzi Ndanda hupata ujuzi wa kazi, na stashahada inayohusiana na programu anayoiomba, yenye wastani wa 3.0, humfungulia mlango wa shahada. Asiyefikisha pointi 4.0 anaweza pia kuuliza kuhusu kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, chenye kituo Mtwara. Katika koo za Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambako neno la mjomba lina uzito, ni vema mjomba amsikilize kwanza mpwa wake kabla ya kumchagulia fani.

Maombi ya mkopo wa elimu ya juu hupokelewa hata kabla ya mwombaji kupata chuo. Kijana ahimizwe kuyakamilisha mapema bila kungoja majibu ya vyuo, ili akikataliwa katika awamu ya kwanza na inayofuata ikampatia chuo, jina lake liwe limeshafika Bodi ya Mikopo.